Nusu ya Kilemba, Kutoka Birere Mpaka Ujiji

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananisimamisha njiani: ilikuwaje? Kilemba ni cha kweli ao si cha kweli? Nami najibu "nitawaambia," kisha naondoka. Mnanijua, watu wakizidi wawili maneno yananikwama kooni. Kwa hiyo nimeandika. Imenichukua siku kumi na moja, kidogo kidogo kila asubuhi kabla ya kwenda kushona. Mambo ya karatasi za mipaka na tiketi nimeyaacha, hayana ladha.

Birere

Wale wasiosali kwetu wajue kwanza jambo lenyewe. Nyuma ya msikiti wetu mdogo, hapa mtaa wa Birere, Goma, kuna chumba cha mawe meusi. Humo amezikwa baba yake babu yangu, na kando ya kaburi kuna sanduku la mbao lenye nusu ya kilemba. Babu, muzee Ramazani, ndiye mlinzi wake. Alivyosikia kwa baba yake ni hivi: Shehe Salehe wa Ujiji alipompa mwanafunzi wake, mzee wa kwanza wa ukoo wetu, ruhusa ya kwenda kufundisha dini Maniema, alivua kilemba chake, akakikata katikati, akampa nusu. Nusu ya pili ilibaki Ujiji kwa watoto wa Shehe. Atakayetia shaka, alisema Shehe, alete nusu mbili pamoja, zitakutana.

Ukoo wetu ulipohama Maniema kuja Goma, kilemba kilikuja nao. Watu walikuja chumbani kuomba dua. Mama akileta mtoto mgonjwa, Babu aliingiza mkono sandukuni, akavuta uzi mmoja wa kilemba, akamfunga mtoto mkononi. Mimi pia nilifungwa nilipokuwa mdogo.

Mwaka huu akaja Mwalimu Idrisi. Ni kijana bado, amesoma hadithi za Mtume nchi za mbali, na watoto wanampenda. Anawafundishia nje juu ya mawe kwa sababu hana darasa. Ijumaa moja baada ya sala alimwambia Babu mbele ya kamati ya msikiti, kwa sauti ya upole:

"Muzee, kwetu sisi habari inakuja na watu walioipokea, mmoja mmoja, kwa majina. Hiki kilemba iko na ushahidi gani? Mimi naona nguo. Nguo sawa hii naweza kuinunua hapa Birere mbele ya saa sita."

Watu wakacheka. Babu hakucheka. Alisimama na fimbo yake, miguu imevimba kama kila siku.

"Mujukuu wangu atakwenda Ujiji na kilemba," alisema. "Akirudi bila ushahidi, nitatoa hili sanduku kwa mikono yangu, na chumba mutafanya darasa."

Mujukuu mwenyewe nilikuwa mlangoni natafuta kiatu changu cha pili. Hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi ya safari Babu alikikunja kilemba ndani ya plastiki, akanizungushia kiunoni, akanivalisha shati juu yake. "Usikifungue mpaka mbele ya watu wa Ujiji," alisema. Hata siku ile sikukiona kikiwa wazi. Hakuna aliyewahi kukiona wazi isipokuwa yeye, na macho yake yamezeeka.

Ziwani mpaka Bukavu

Ndani ya mashua niliketi karibu na mama mmoja mwenye mabalo mawili, mafurushi makubwa ya vitenge. Aliitwa Mama Furaha, mkristo wa mtaa wa Katoyi, mfanyabiashara wa njia hii miaka mingi. Alikuwa na samaki wadogo, sambaza za kukaanga, ndani ya gazeti, akanisogezea. Nilikula kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa tumboni unashika plastiki.

"Weye mutoto, uko na maumivu ya tumbo?"

"Hapana, mama."

"Sasa juu ya nini unashika tumbo sawa mwanamuke wa mimba?"

Wote waliokaa kwenye benchi letu wakageuka kunitazama. Nilisema ni baridi. Akatoa chupa ndogo ya dawa ya mizizi, chungu kuliko chochote nilichowahi kuonja, akasimama juu yangu mpaka nikaimeza. Baada ya hapo tumbo likauma kweli.

Mbele ya kisiwa cha Idjwi injini ilinyamaza. Tulikaa juu ya maji kama saa mbili, mashua inazunguka polepole, mafundi wanabishana chini. Upepo ukaleta mawimbi, na kila wimbi lilitupa maji mabegani mwetu. Wengine waliogopa kuzama. Mimi niliogopa plastiki iwe na tundu. Niliinama juu ya magoti, nikakifunika kilemba kwa mwili wangu wote, na Mama Furaha akawaambia majirani: "Munaona? Nilisema ni tumbo."

Hapo nikamwambia ukweli, kwa sauti ya chini, yote mpaka maneno ya Mwalimu Idrisi. Akauliza:

"Na ukikuta ule mwalimu alisema kweli?"

Sikuwa nimejiuliza swali hilo. Kuanzia hapo nilijiuliza kila kilometa.

Mlima wa Ngomo

Kutoka Bukavu tulipanda gari moja, Mama Furaha na mimi, kwenda Uvira. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa Ngomo lori la saruji lilikuwa limelala ubavu njiani, na nyuma yake magari yamepangana mpaka yanapotea kwenye kona. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hakuna kitu. Dereva wetu alizima injini, akavua viatu, akalala.

Tukashuka kwa miguu kupita lori, tukiwa tumebeba mizigo, tope mpaka karibu ya magoti. Tulipolipita lori tukakuta bariyeri: kamba, kibanda cha turubai, na askari mmoja aliyechoka. Aliwapitisha wote. Mimi akanisimamisha.

"Toa ile kitu ya kiuno."

Alinigusa tumbo, plastiki ikalia. Nilijua anachofikiri, maana njia ile watu wanaficha dhahabu na mawe ya madini. Alinivuta shati, akaanza kufungua fundo, na chini yetu palikuwa tope tupu.

"Acha!" Mama Furaha alikuwa ametupa balo lake chini. "Ni kilemba cha babu yake. Cha dini! Ukiangusha kwa ile matope utamujibu Mungu, hautanijibu mimi."

"Mama, weye ni muislamu?"

"Mimi ni mama. Kunja mikono yako, mutoto mwenyewe atafungua."

Nikafungua ncha moja tu, upana wa kiganja, juu ya mikono yangu miwili. Ilikuwa ncha nzuri, yenye matamvua yaliyosukwa, mistari myekundu na myeusi. Askari alinusa. Ilinuka udi. Akatazama muda mrefu, kisha akauliza, kama mtu anayeona haya: "Ni cha shehe wa kweli?"

"Ndiyo naenda kuuliza," nilisema.

Akacheka sana, akainua kamba.

Chini ya mlima tulipata gari jingine, na Mama Furaha niliachana naye Uvira. Alininunulia ugali na samaki, akanikataza kumshukuru, akasema nikirudi nimletee habari sokoni maana sasa na yeye ilikuwa inamsumbua.

Rumonge mpaka Kigoma

Burundi niliipita kwa haraka na kwa njaa. Rumonge gari lilisimama ili watu wapate kula. Harufu ya mawese ilikuwa kila mahali, na samaki wakubwa juu ya makaa, lakini kila muuzaji aliniita kwa Kirundi na mimi nikaona haya kunyoosha kidole. Nilipojikaza kwenda, dereva alikuwa anapiga honi. Mpakani Manyovu tulingoja gari la kwenda Kigoma tangu asubuhi mpaka alasiri, nikala karanga.

Kigoma nilimwambia kijana wa bodaboda: "Nipeleke Ujiji kwa watoto wa Shehe Salehe."

"Wapi hasa?"

"Kwa watoto wake."

"Mkongo wewe," akasema, "Ujiji hii kila mtu ni mtoto wa shehe. Panda."

Nyumba ya kwanza walinikaribisha vizuri mno. Nilipotaja jina, mzee wa nyumba aliingia ndani akatoka na fimbo. Fimbo ya Shehe Salehe. Nikaishika kwa heshima. Nyumba ya pili wakatoa kiatu cha mbao, cha mguu wa kulia. Cha Shehe Salehe. Nikauliza cha kushoto kiko wapi, wakasema kilikwenda Tabora. Hakuna kati yao aliyesikia habari ya kilemba.

Nilikaa nyuma ya bodaboda nikijiuliza. Kama fimbo ile na kiatu kile ni maneno tu ya watu wanaotaka ukoo wao uwe mkubwa, sisi wa Goma tuna tofauti gani nao? Tumbo lilikuwa na joto pale kilemba kilipolala.

"Imebaki kwa Bi Zuhura," alisema yule kijana. "Yeye hana maneno mengi. Labda anacho, labda hana."

Ujiji

Bi Zuhura alikuwa ameketi barazani anachagua mchele kwa kupapasa. Nilisema "Jambo, mama" kama tunavyosema kwetu, nikasimama. Hakujibu. Nilisema tena. Kijana mmoja wa nyumba, Hamadi, mpwa wake, alinitazama kutoka dirishani.

"Huyu hana adabu au ni bubu?"

"Mkongo," alisema wa bodaboda. "Hawana shikamoo huko."

Nikatamani ardhi inifunike. Nikasema shikamoo kwa sauti ya panya. "Marahaba," alijibu bibi, na uso ukabadilika wote. "Umetembea na njaa. Kaa kwanza." Nililetewa wali na dagaa, na hakuniuliza kitu mpaka sahani ilipokuwa tupu. Kisha nikamweleza, macho yangu yakiwa kwenye mkeka. Halafu akamwambia Hamadi: "Lete lile begi la marehemu mama."

Ndani ya begi, katika shuka tatu, ilikuwepo nusu ya kilemba.

Wenzangu, fundo langu lilikuwa limekaza kwa jasho la njia, likanishinda. Hamadi alinifungulia. Tukatandika ya kwao, kisha yetu, kwenye mkeka mmoja. Nyekundu ile ile. Nyeusi ile ile. Mistari ilifuatana kwa upana bila kukosa. Nilianza kutabasamu.

"Sasa zikutanishe pale zilipokatwa," alisema Bi Zuhura.

Kwenye ukingo wa nusu yao kulikuwa na wino wa kahawia, mstari mzima, lakini vichwa vya herufi tu. Bibi akaeleza. Shehe aliandika jina la mwanafunzi wake katikati ya kilemba, kisha akakata juu ya maandishi yenyewe. Vichwa vya herufi vilibaki Ujiji, miguu yake ilikwenda Maniema. Hakuna anayeweza kuiga hilo.

Nikasogeza ncha yetu iliyokatwa. Haikuwa na maandishi. Ukingo ulikuwa umechakaa, umepungua, nyuzi zimening'inia.

Nikaelewa kabla hajauliza. Mimi nashona pindo kila siku, najua nguo inavyofumuliwa. Babu hakutaka kuharibu ncha nzuri ya matamvua. Kila mama alipokuja, alivuta uzi upande ule mwingine, ule mbaya, wenye madoa ya kahawia aliyodhani ni uchafu. Uzi mmoja kwa mtoto mmoja, baba yake kabla yake, kisha yeye. Miguu ya herufi zote ilikuwa imeondoka, mkononi mwa watoto wa Goma.

"Kiasi gani kimepungua?" aliuliza Bi Zuhura. Macho yake hayaoni vizuri karibu.

"Kiganja kizima, bibi."

"Mlifanyia nini?"

Nikamwambia. Hakukasirika. Alikaa anapapasa nguo kwa ncha za vidole, urefu wake, kisha vidole vikasimama mahali pamoja. "Hapa. Katika mwekundu. Tazama."

Katikati ya mstari mwekundu ulipita uzi mmoja mweusi, mahali pasipo pake. Kwenye nusu yao ulikuwepo. Kwenye yetu ulikuwepo, mahali pale pale, nyuzi sita kutoka mwanzo wa mstari mwekundu. Nilihesabu mara tatu.

"Mama yangu aliuza nguo," alisema. "Mfumaji akikosea kupanga uzi mwanzoni, kosa linakwenda mpaka mwisho wa kazi. Hizi zimetoka mtambo mmoja, kazi moja. Lakini mtambo ule ungeweza kutoa vilemba vitatu, vinne, vyote na kosa hilo hilo. Siwezi kusema zaidi. Chukua kalamu, mimi nitasema, wewe andika."

Hamadi alinivuta pembeni nilipokwenda kutafuta kalamu. "Sikiliza, kaka. Bibi haoni. Andika 'maandishi yamekutana', ataweka dole gumba, basi. Huko kwenu nani atakuja kukagua?"

Nikaketi, bibi akasema, mimi nikaandika, herufi moja moja. Rangi ni moja. Kosa la mfumaji ni moja. Alipofika kwenye maandishi, nilisogeza kalamu juu ya karatasi bila kuandika. Sikuandika uongo wa Hamadi. Niliruka tu.

"Nisomee."

Nikasoma.

"Umeruka," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Unamwonea haya babu yako."

"Ndiyo, bibi."

"Basi mwandikie mstari huo kwa mwandiko mzuri kuliko yote. Usipouandika, kidole changu sikiweki."

Nikauandika: nusu ya Goma imepungua kiganja kizima upande wa maandishi, kwa sababu walinzi wake walitoa nyuzi kuwapa wagonjwa. Na mwisho akasema niandike kwamba kuhusu Shehe kukivaa, yeye aliambiwa na mama yake, naye mama yake aliambiwa na baba yake, kwa majina yao, na yeye mwenyewe hakuona. Akaweka dole gumba.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko nilivyotaka. Kilemba kiunoni, barua kifuani, na barua ndiyo ilikuwa nzito. Kwenye bariyeri ya Ngomo yule askari hakuwepo. Ziwani nilikaa ukingoni mwa mashua. Nilifikiri: karatasi ikianguka majini ni ajali, na mdomo wangu mimi wote wanajua haufunguki. Niliitoa mara mbili. Mara ya pili mzee mmoja alisema, "Kijana, upepo utakuibia," nikairudisha.

Babu alikuwa amekaa bandarini juu ya kiti alichobebewa. Hakuuliza mbele ya watu. Ndani ya chumba cha mawe nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kiganja chake cha kulia, akakitazama kama anapima.

"Yale madoa," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Nilifikiri kutu."

Nikamwambia naweza kusoma barua bila mstari ule. "Uliuandika?" akauliza. "Niliuandika." "Basi soma."

Ijumaa

Msikiti ulijaa mpaka nje. Nilisimama mbele ya kamati, nikakunjua karatasi. Nilisoma polepole, kwa sababu sijui kusoma haraka. Nilipofika kwenye kosa la mfumaji, watu walisema takbiri. Nilipofika kwenye kiganja kilichopungua, walimgeukia Babu. Mtu mmoja nyuma aliguna, "Basi wamekula ushahidi wao wenyewe." Babu aliinamisha kichwa. Aliuweka ufunguo wa chumba juu ya mkeka mbele yake.

Mwalimu Idrisi aliomba barua. Aliisoma yote, akarudia sehemu moja, akaja akakaa chini mbele ya Babu.

"Muzee, hapa iko maneno yanayowaumiza ninyi wenyewe. Mutu anayetengeneza ushahidi haandiki hivi. Angeandika kila kitu kimekutana." Akageukia watu. "Sisi tuliosoma hadithi, tukikuta mpokezi anayesema hata lile linalomuaibisha, tunatega sikio. Nilisema nguo hii ni ya Birere. Nilikosea, na nilikosea mbele yenu. Muzee, unisamehe. Kilemba hiki na cha Ujiji ni ndugu. Kichwa gani kilikivaa, mimi sisemi ndiyo, wala sisemi hapana, sawa ule bibi alivyosema."

Akaurudisha ufunguo mkononi mwa Babu. Walikubaliana sanduku libaki, na watoto wasome chumbani humo asubuhi, pande zote za kaburi. Nilifikiri yamekwisha. Babu ndiye aliyeuliza:

"Na nyuzi?"

"Nyuzi basi, muzee," alisema Mwalimu taratibu. "Kile kilichobaki ndicho ushahidi wenyewe."

Babu hakubishana. Lakini nilimwona akikunja vidole vyake, na jioni hakula.

Jumatatu mama mmoja alikuja kutoka soko la Kituku, bado ananuka samaki, na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni mwenye joto kali. Watoto walikuwa wanasoma kwa sauti. Babu aliinuka, mkono ukaenda mfukoni kwenye ufunguo wa sanduku, ukasimama hapo.

"Mama," alisema, "leo sina uzi. Niko na dua tu. Tukimaliza, huyu mujukuu wangu ataita moto, ile pikipiki, akufikishe hospitali."

"Dua bila uzi, muzee?"

"Bila uzi."

Alitoa mkono mfukoni, akainua yote miwili, mitupu. Mama yule aliitazama ile mikono. Kisha akafungua kitenge mgongoni, akamlaza mtoto wake kwenye mapaja ya Babu.